Miaka minne ya kutazama protini ikinata: kuna nini cha kutafiti?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nina shahada ya uzamili ya kemia na ninafundisha chuoni hapa Morogoro. Nimepata nafasi ya uzamivu Ulaya, na msimamizi anataka nichunguze jinsi protini zinavyonata kwenye nyuso za vitu kama kioo, plastiki na titani. Nilipomweleza baba alicheka, akaniuliza kama kweli kuna watu wanaomlipa mtu miaka minne atazame kitu kikinata. Sikuwa na la kumjibu. Je, hapo kuna jambo ambalo bado halijajulikana? Nianzie wapi nisije nikapotea? Na nikirudi nyumbani, elimu hiyo itanifaa nini?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na hongera. Mzee ana haki ya kucheka, maana kunata kwenyewe si habari. Chukua karibu protini yoyote, iyeyushe kwenye maji, iguse karibu uso wowote. Sekunde chache tu zinatosha kwa molekuli za kwanza kutua, na haipiti muda mrefu uso umejaa. Tena kinachojaa ni kidogo mno. Tabaka moja la protini kwa kawaida lina miligramu 1 hadi 3 kwa mita ya mraba, kwa hiyo uwanja mzima wa mpira ungefunikwa kwa gramu kumi na kitu tu. Kama kazi yako ingekuwa kuthibitisha kwamba zinanata, ungeimaliza kabla ya chai ya saa nne.

Kazi iko kwenye yanayofuata. Unajua kwamba protini ni mnyororo wa asidi amino uliojikunja kwa umbo maalumu, na kwamba umbo hilo ndilo linaloipa kazi yake. Ikishatua juu ya kitu, inaweza kubaki na umbo lake. Inaweza pia kulegea, kujitandaza na kupoteza kazi kabisa, au kulala kifudifudi hivi kwamba upande wenye kazi unafunikwa, au kung'olewa na protini nyingine iliyochelewa kufika. Hatima ipi itaipata hutegemea protini yenyewe, uso, chumvi iliyomo kwenye maji, joto na muda. Mpaka leo ukimpa mtaalamu jina la protini na jina la uso, hawezi kukutabiria kwa uhakika itakuwaje bila kwenda maabara kupima. Mwambie mzee hivyo: hulipwi utazame kama inanata, unalipwa ujue inageuka kuwa nini baada ya kunata.

Sasa tuingie ndani kidogo. Wanafunzi wengi hufika wakiamini kwamba protini hunata kwa sababu ya chaji, chanya ikivutwa na hasi. Chaji ina nafasi yake, lakini itazame albumini, protini iliyo nyingi kuliko zote katika plazima, yaani majimaji ya damu yasiyo na seli. Kwenye pH ya damu, 7.4, albumini ina chaji hasi. Kioo nacho ndani ya maji kina chaji hasi. Vilipaswa kukimbiana, na bado albumini hutua juu ya kioo. Willem Norde na Johannes Lyklema wa Wageningen, Uholanzi, walilichimba fumbo hili miaka ya 1970 kwa kupima joto linalotoka au kuingia protini inaponata kwenye chembe za plastiki ya polistairini. Walikuta hali ambazo protini inanata ilhali mfumo unanyonya joto badala ya kulitoa. Kwa mwanakemia hilo lina maana moja: kinachosukuma mambo si nishati ya mvuto, ni entropia, yaani uhuru wa molekuli kukaa kwa namna nyingi.

Na entropia hiyo inatoka wapi? Sehemu kubwa inatoka kwenye maji. Molekuli za maji zilizobanana na uso usiopenda maji, au na sehemu za protini zisizopenda maji, hujipanga kwa utaratibu usiozipendeza. Protini na uso vikigusana, maji hayo hufukuzwa na kupata uhuru wake. Pili, protini yenyewe ikilegea hupata namna nyingi zaidi za kukaa. Kando ya entropia, ioni ndogo za chumvi huingia katikati ya nyuso mbili zenye chaji moja na kuzituliza. Norde akazigawa protini katika makundi mawili ambayo hadi leo tunayatumia: ngumu na laini. Lisozaimu, ile iliyomo kwenye machozi na ute wa yai, ni ngumu. Umbo lake halibadiliki kirahisi, kwa hiyo juu ya uso unaopenda maji hunata pale tu chaji inaporuhusu. Albumini ni laini, hulegea na kunata hata mahali ambapo chaji inaikataza. Ukilielewa hili mapema utajua kwa nini haifai kusema "protini hufanya hivi" bila kutaja ni protini gani.

Kuna mtu mmoja ambaye lazima umfahamu kabla hujapanda ndege. Leo Vroman alizaliwa Gouda, Uholanzi, mwaka 1915. Alikimbia nchi yake mwaka 1940 Wajerumani walipovamia, akafika Indonesia, akashikwa na Wajapani na kukaa kambini kama mfungwa wa vita. Baadaye alihamia Marekani akawa mtafiti wa damu. Alikuwa pia mshairi, na si mshairi wa kujifurahisha: mwaka 1964 alipewa Tuzo ya P.C. Hooft, tuzo kubwa ya fasihi ya Kiholanzi. Nasi wa nyuso tunamjua kwa jambo lililochunguzwa katika miaka ya 1960, ambalo sasa lina jina lake.

Ukigusisha plazima ya damu na kioo, uso haujazwi mara moja ukabaki vile. Wanaotangulia kutua ni wale walio wengi na wanaosafiri upesi, na albumini inaongoza kwa yote mawili: iko gramu 35 hadi 50 katika lita moja ya plazima, na molekuli yake ina uzito wa kiasi cha kilodaltoni 66 (daltoni moja ni karibu uzito wa atomu ya hidrojeni). Baada yake hufuata imunoglobulini, yaani kingamwili, kisha fibrinojeni, protini ya kugandisha damu, yenye kilodaltoni 340 na iliyo gramu 2 hadi 4 tu kwa lita. Fibrinojeni nayo hupungua, nafasi yake ikachukuliwa na protini adimu zaidi zilizomo kwenye mnyororo wa kugandisha damu. Kufika kunaamuliwa na wingi na kasi. Kubaki kunaamuliwa na jinsi protini inavyoushika uso. Kwa hiyo swali "kuna nini juu ya uso huu?" halina jibu mpaka useme ni dakika ya ngapi, na plazima uliizimua kiasi gani.

Hapa niweke neno kuhusu mlingano wa Langmuir, unaokadiria uso utajaa kiasi gani kulingana na wingi wa kinachotua, maana utakutana nao wiki ya kwanza. Irving Langmuir alipewa Nobeli ya kemia mwaka 1932 kwa kazi yake ya nyuso, na mlingano wake wa miaka ya 1910 ni safi kabisa kwa gesi juu ya metali. Una masharti lakini: sehemu za kutua ziwe sawa zote, majirani wasisumbuane, na kinachotua kiweze kuondoka. Protini inavunja yote matatu. Protini moja yenye umbo la ovyo huziba nafasi za jirani. Ukiziachia chembe za duara zitue ovyo ovyo bila kusogea, uso unakwama ukiwa umefunikwa asilimia 54.7 tu, na zilizobaki hazina pa kukaa. Zaidi ya hapo, ukishamaliza ukausuuza uso kwa maji safi yenye chumvi ileile, protini nyingi hazitoki. Kama haitoki, hakuna msawazo, yaani kutua na kuondoka kulingana, na kama hakuna msawazo, ile namba ya msawazo unayoipata kwenye kompyuta haina maana. Hata hivyo makala zinaendelea kutoka: nukta zinachorwa, mstari wa Langmuir unapita katikati vizuri, namba inaandikwa kwenye jedwali na watu wanapongezana. Usiifanye tasnifu yako iwe ya namna hiyo. Mchoro wa kupanda na kutulia utapatikana kwa sababu kumi tofauti. Kazi yako ni kujua ni ipi.

Kwa nini watu wa tiba wanajali? Kwa sababu seli haiuoni uso wenyewe. Ukimwekea mtu kipande cha titani mfupani au mrija wa plastiki kwenye mshipa, protini hufika kabla ya seli yoyote, na seli inapofika inakutana na tabaka la protini. Mfano ninaoupenda ni fibrinojeni. Ikiwa inaogelea kwenye damu, chembe sahani zilizotulia, zile chembe za damu zinazoziba jeraha, hupishana nayo bila kuishika. Ikishanata kwenye plastiki, chembe hizohizo huishika, huamka, na donge la damu linaanza. Protini ni ileile. Kilichobadilika ni mkao wake na sehemu zake zilizokuwa zimefichwa. Ndiyo maana kupima wingi peke yake hakutoshi: nyuso mbili zinaweza kubeba fibrinojeni sawa kwa uzito, moja ikagandisha damu kuliko nyingine.

Huenda utaulizwa kutengeneza uso usionatisha kitu. Hilo nalo lina historia. Mwaka 1991 Kevin Prime na George Whitesides wa Harvard walionyesha kwamba dhahabu ikivikwa molekuli zenye mkia mfupi wa ethilini glikoli, protini hushindwa kuishika. Kazuhiko Ishihara wa Japani alifuata njia nyingine, akaiga vichwa vya mafuta ya utando wa seli. Njia zote mbili zinafanya kazi, na zote zinahusu maji: uso unaoshika maji kwa nguvu hautoi ile faida ya entropia niliyoitaja. Ila neno "haishikwi na protini" lisome kwa jicho la shaka. Mara nyingi limepimwa kwa protini moja, kwenye maji safi, kwa saa moja. Damu kamili kwa wiki mbili ni shauri jingine.

Ukiuliza siku zako zitapitaje, jibu la kweli ni kusafisha. Titani iliyotoka kusafishwa hupenda maji, tone likawekwa juu yake linatandaa. Iache hewani, na polepole hukusanya uchafu wa kikaboni hadi tone lilelile linasimama kama shanga. Watu wawili wanaosema wamepima "titani" huenda wamepima vitu viwili. Albumini ya kununua nayo huja na asidi za mafuta zilizojishikiza, na baadhi ya molekuli zimeungana mbilimbili. Chupa mbili zenye lebo moja zinaweza kukupa matokeo mawili. Na jihadhari na mapovu. Mpaka wa hewa na maji nao ni uso, protini hunata hapo na kuharibika, kwa hiyo anayetikisa chupa kwa nguvu ameshaanza jaribio jingine bila kujua.

Kifaa utakachokikuta karibu kila maabara ya namna hii ni mizani ya fuwele ya kwatzi. Fuwele nyembamba hutetemeshwa kwa umeme, tuseme mara milioni 5 kwa sekunde, na protini zikitua juu yake masafa hupungua kidogo. Mwaka 1959 Mjerumani Günter Sauerbrey alionyesha jinsi ya kugeuza upungufu huo kuwa uzito: kwa fuwele ya megahezi 5, kila hezi moja ni nanogramu 17.7 kwa sentimita ya mraba. Inavutia sana kuona mstari ukishuka mbele yako. Lakini fuwele hiyo inapima protini pamoja na maji yaliyonaswa katikati yake, na maji hayo mara nyingi ni nusu ya uzito au zaidi. Vifaa vinavyotumia mwanga haviyahesabu. Ukipima uso mmoja kwa njia zote mbili utapata namba mbili zisizolingana, na mwanafunzi mwoga ataificha mojawapo. Usiifiche! Tofauti yake ndiyo inayokuambia tabaka limelowa kiasi gani, na hapo unaanza kuhisi umbo.

Nije kwenye kurudi nyumbani. Kipimo cha mRDT, kile cha haraka cha malaria kilichoko kila zahanati, ni somo lako zima ndani ya kasha la plastiki. Kwenye ule ukanda mweupe wa nitroselulosi kuna mstari wa kingamwili zinazoikamata protini ya kimelea, HRP2, na kingamwili hizo zimekaa pale kwa kunata tu. Zinapaswa zisibanduke damu inapopita, na zisilale kifudifudi zikafunika mikono yake. Wakati huohuo kuna kingamwili nyingine zilizonatishwa kwenye chembe ndogo mno za dhahabu, ambazo ndizo zinazoleta rangi. Hizo zinatakiwa zishike dhahabu lakini zisishike ukanda njiani, la sivyo kila mgonjwa angeonekana ana malaria. Tena vyote viwe vimekaushwa, vihimili bohari lenye bati juani. Sisi tunavitumia kwa mamilioni na wachache mno kati yetu wanaoelewa kwa nini toleo moja linaharibika mapema kuliko jingine.

ELISA, kipimo cha maabara kinachotambua protini kwa kingamwili na rangi, nayo ni hivyohivyo. Tangu Eva Engvall na Peter Perlmann waieleze mwaka 1971 huko Stockholm, msingi wake umebaki ni protini kunata kwenye plastiki, kisha nafasi zilizobaki zinazibwa kwa albumini au maziwa yaliyotolewa mafuta. Nani ameshapima kama maziwa ya unga ya dukani kwetu yanaziba sawa na dawa ya bei mbaya inayoagizwa nje? Hilo ni swali la tasnifu ya uzamili, na wewe ungekuwa msimamizi wake.

Insulini hunata kwenye mipira ya dripu, na kwa sababu hiyo hospitali nyingi hupitisha mililita 20 za mwanzo na kuzimwaga kabla ya kumwunganishia mgonjwa. Viwanda vya maziwa hupambana na ukoko: beta-laktoglobulini hufunguka joto likipita kiasi cha nyuzi 70, inashika bamba za chuma cha pua pamoja na chumvi za kalsiamu, na kiwanda kinasimama ili bamba zioshwe kwa magadi makali kisha asidi. Kila saa ya kuosha ni maziwa yaliyosubiri.

Kabla hujasaini, mwandikie msimamizi maswali machache na uyatazame majibu yake kwa makini. Ni protini ipi na uso upi, kwa majina? Je, utafanya kazi na protini moja kwenye maji ya chumvi, au mchanganyiko kama plazima? Ningekushauri uanze na moja, uielewe, halafu uingize ya pili ishindane nayo. Plazima kamili mwaka wa kwanza ni msitu. Kuna njia mbili za kupimia zisizotegemeana? Vifaa ni vya maabara yake, au mtaomba zamu kwingine? Kama anategemea miale ya nyutroni ya kituo cha utafiti cha Grenoble, Ufaransa, nafasi hupatikana kwa maombi na siku chache tu kwa safari, kwa hiyo usiijenge tasnifu nzima juu yake. Msimamizi anayejibu "tutaona ukifika" kwa yote haya ana fedha za mradi lakini hana swali, na utakayetafuta swali ni wewe, ukiwa peke yako, mwezi wa Januari, giza la saa kumi jioni.

Jambo jingine, jifunze huko angalau njia moja utakayoweza kuiendesha chuoni kwako bila kumngoja mfadhili. Ninayoipendekeza ni ya zamani na ni nzuri. Unahitaji silika ya unga laini, ambayo gramu moja ina uso wa kiasi cha mita za mraba 200, spektrofotomita (kifaa cha kupima mwanga unaonyonywa), na mashine ya kuzungusha chupa kwa kasi ili unga ushuke chini. Weka miligramu 50 za unga kwenye mililita 20 za albumini ya miligramu 1 kwa mililita. Hapo una mita za mraba 10, zinazoweza kubeba miligramu 10 au zaidi kati ya 20 ulizoweka. Subiri, zungusha, pima maji ya juu kwenye nanomita 280, kilichopungua kimenata. Badili pH, badili chumvi, linganisha lisozaimu na albumini, na utaona kwa macho yako tofauti ya ngumu na laini aliyoisema Norde. Andaa pia chupa yenye unga bila protini, na kila mara pima nanomita 320, ambako protini hainyonyi mwanga. Ukipata kitu hapo, ni vumbi la silika ambalo halikushuka. Rudisha chupa kwenye mashine uzungushe tena.